Talaka Tatu kwa Hesabu

Mpwa wangu kamaliza kidato cha nne Novemba iliyopita, matokeo yakatoka: hisabati D. Nyumbani tulichinja kuku. D inaanzia alama 30, yaani katika kila maswali kumi unaruhusiwa kukosa saba na kuku bado anachinjwa. Sheria hiyo sikuitunga mimi, ingawa paja nilikula.

"Mjomba, naenda PCB, fizikia, kemia na baiolojia," akatangaza. "Nimeachana na hesabu."

Nikampa mkono. Hata mimi niliachana nayo, tena kwa talaka tatu. Hakuna aliyetukumbusha kwamba PCB ina BAM ndani yake, hesabu waliyotegewa wote waliodhani wametoroka.

Sasa yuko twisheni ya kujiandaa na kidato cha tano. Mlipaji ni mimi. Wiki ya kwanza tu mwalimu wa kemia kaandika pH, na pH ni logi: maji safi 7, ukishuka hadi 4 asidi imezidi mara 1,000, si mara tatu. Mtoto kaja na daftari, machozi yako karibu. Logi, anasema, walipitishwa mbio kidato cha pili. Nikaona nianzie nyuma kidogo: nusu jumlisha theluthi? Akaandika 2/5, kwa mwandiko mzuri kabisa, akapigia mstari mara mbili.

"Mama, nusu mkate ulikuwa nao. Nimekuongezea theluthi. Umepunguaje?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeula.

Wa PCM, wenye hisabati badala ya baiolojia, nao wasicheke. Fizikia huanza kuwadai kalkulasi mapema, kwenye vipimo na makosa yake, wakati mwalimu wa hisabati bado yuko kwenye seti na mantiki. "Itafika," anawaambia. Ndivyo tunavyoambiwa kuhusu maji ya bomba.

Nikamfuata mwalimu wa twisheni. Nikamwomba miezi iliyobaki hadi Julai awarudishe wanafunzi kwenye sehemu, logi na kugeuza fomula, mada za kidato cha tano zisubiri shule. Akacheka. Wazazi, anasema, hawalipii kidato cha pili mara mbili.

Basi mimi nalipa. Jioni tunakaa mezani mimi na mpwa, simu yenye kikokotoo nimeificha kwenye gunia la mchele. Msomaji mwenye kitabu cha logi kizima aniazime hadi Julai. Changu muuza karanga alikifungia biashara, kimebaki kuanzia 55.