Waraka kwa Fundi Aliyeizika Mazabodi Ikiwa Hai

Ndugu Fundi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu lililotokea mezani kwako hutokea kwenye meza nyingi za mafundi, Dar es Salaam na kwingineko, na wanaoumia ni vijana wanaojenga kompyuta zao kwa fedha ya kudunduliza. Jina lako silitaji, wala la duka lako. Sikutakii hasara. Nataka tu ujue kazi uliyoiacha.

Mpwa wangu huhariri video za harusi. Kompyuta yake aliijenga mwenyewe kidogo kidogo: prosesa ya Ryzen 5 5600, vijiti viwili vya rami, kadi ya picha ya mtumba, kasha la bei nafuu. Feni ndogo iliyokuja na prosesa ilikuwa ikipiga kelele kila anaporenda video ndefu katika joto la Februari, ndipo akanunua kipoozeo kikubwa cha mnara, chenye mabomba ya shaba na feni ya sentimita 12. Akakifunga usiku. Alipobonyeza kitufe, feni zilizunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Asubuhi akakuletea.

Ulibonyeza kitufe, ukatazama skrini, ukatamka kwamba mazabodi imeungua kwa joto. Hukufungua skrubu hata moja. Mazabodi ya kuuza ilikuwa kwenye kabati la kioo nyuma yako, na mteja ana haki ya kujiuliza kama ndiyo iliyofupisha uchunguzi wako. Mganga anayetangaza msiba kabla hajashika mshipa wa mgonjwa hapewi mgonjwa wa pili, hata kama ana maneno matamu.

Fundi, mashine iliyofanya kazi jana, ikaguswa usiku, ikagoma asubuhi, ina swali moja linalotangulia mengine yote: mikono ilipita wapi? Hukumuuliza kijana swali hilo. Lingekuchukua muda mfupi kuliko ulioutumia kumpigia hesabu ya bodi mpya.

Tufuate basi njia ya mikono. Anayefunga mnara kwenye bodi yenye soketi ya AM4, kama hiyo ya mpwa wangu, huanza kwa kuing'oa feni ya zamani, na hapo ndipo penye hatari ya kwanza. Pesti iliyopakwa kati ya prosesa na kipoozeo hukauka ikashika kama gundi. Prosesa za AM4 zina pini 1331 upande wa chini, na soketi yake huishika kwa pini hizo tu, bila kifuniko cha chuma juu. Ukivuta feni kwa nguvu, prosesa huchomoka nayo hata kama wenzo wa soketi umefungwa, na pini hupinda. Ndiyo maana mwenye uzoefu huiwasha mashine kwanza ipate joto, pesti ilainike, kisha akaizima, akachomoa umeme, akazungusha feni taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua. Intel waliziondoa pini kwenye prosesa zao za mezani tangu soketi ya LGA775 mwaka 2004 wakazihamishia kwenye soketi, na AMD wakafuata kwa AM5 mwaka 2022. Hatari haikuisha, imehamia kwenye soketi tu, nako pini ni laini zaidi. Kwa vyovyote vile, jibu ni kufungua na kutazama kwa tochi. Wewe hukutazama.

Hatari ya pili iko kona ya juu kushoto ya bodi. Hapo hukaa plagi ya pini 8 inayoipa prosesa umeme wa volti 12, mbali na ile kubwa ya pini 24 inayolisha bodi nzima. Mnara ni mnene na vidole havipiti, kwa hiyo mfungaji huchomoa waya huo apate nafasi. Ukishachomolewa hurudi nyuma kupitia tundu la kasha ukajificha usionekane tena. Anayesahau kuurudisha hupata dalili zile zile ulizoletewa: feni huzunguka kwa sababu zinapata umeme kutoka plagi kubwa, taa huwaka, lakini prosesa haina chakula na picha haitoki. Bodi nyingi za siku hizi zina vitaa vidogo pembeni vinavyoonyesha uwashaji umekwama wapi, kwenye prosesa, rami, kadi ya picha au diski. Ulikuwa na haja ya kuinama tu.

Waya huo ndio uliokuwa umesahaulika. Dada mmoja fundi, ambaye mpwa wangu alimwendea baada ya kutoka kwako, alianza kwa kuuliza nini kimeguswa, akamulika kona hiyo, akaona plagi tupu. Aliuvuta waya kutoka nyuma ya kasha, akauchomeka, skrini ikawaka. Bodi uliyoizika inarenda harusi hadi leo.

Kuhusu joto, niruhusu nikupinge moja kwa moja. Prosesa za kisasa hujilinda: zinapokaribia nyuzi 90 hadi 100, kutegemea aina, hujipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda huzima mashine. Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 zimeundwa na AMD zifanye kazi hadi nyuzi 95. Kipoozeo kilichofungwa vibaya, au kilichoachiwa karatasi yake ya plastiki chini, huleta mashine inayowaka vizuri kisha ikazima baada ya muda mfupi. Mashine isiyotoa picha tangu sekunde ya kwanza haijapata hata nafasi ya kuungua. Kumwambia kijana kwamba joto limemuulia bodi ni kumfanya aogope kitu alichokifanya kwa akili nzuri, maana kutafuta ubaridi wa mashine katika mji wetu huu wa joto na vumbi lilikuwa jambo sahihi.

Ungefungua, ungekuta pia mengine ya kukagua. Mnara mkubwa huweza kukisukuma kijiti cha rami kikalegea upande mmoja. Kijiti hutolewa, hurudishwa mpaka vibanio vilie, na vikiwa viwili hujaribiwa kimoja kimoja. Skrubu za kipoozeo zikikazwa upande mmoja kupita kiasi, mgandamizo kwenye soketi haulingani, na rami inaweza kukosa kusomwa. Kibao cha nyuma ya bodi ya AM4 huanguka ukifungua mabano ya mbele, na anayekirudisha gizani anaweza kukilaza vibaya. Ryzen 5 5600 haina picha ya ndani, kwa hiyo waya wa skrini ukichomekwa kwenye bodi badala ya kwenye kadi, mtu atakaa mbele ya skrini nyeusi mpaka jua lizame. Yote haya ni bisibisi, tochi na subira, na hakuna hata moja linalohitaji bodi mpya.

Wanaofunga vipoozeo vya maji nao wana lao. Wakichomeka pampu kwingine wakaiacha tupu nafasi iliyoandikwa CPU_FAN, bodi nyingi hukataa kuendelea na kuandika kwamba feni ya prosesa ina hitilafu. Hapo picha ipo na onyo lipo, linahitaji kusomwa tu. Na wenye bodi za AM5 wajue kwamba uwashaji wa kwanza, au ule unaofuata kufutwa kwa mipangilio ya biosi, unaweza kukaa dakika kadhaa kwenye giza wakati bodi inajifunza rami za DDR5. Bodi nzima zimerudishwa dukani kwa kukosa subira ya dakika hizo.

Sikatai kwamba mazabodi hufa. Bisibisi ikiteleza ikakwangua njia za shaba, bodi inaweza kufa. Pesti ya metali ya maji ikimwagika juu ya vipande vidogo hupitisha umeme na kuua. Na anayelazimisha plagi ya kadi ya picha kwenye tundu la prosesa anaweza kufanya hasara kubwa, kwa sababu zinafanana kwa umbo lakini volti 12 na ardhi zimepangwa kinyume. Lakini kifo hicho huthibitishwa: bodi hutolewa nje ya kasha, hulazwa juu ya boksi lake la karatasi, hubakizwa prosesa na kipoozeo chake, kijiti kimoja cha rami na kadi ya picha, pawa saplai nyingine hujaribiwa, betri ya CR2032 hutolewa kwa dakika chache umeme ukiwa umechomolewa ili biosi irudi mwanzo. Ikigoma baada ya hayo, sema imekufa, nasi tutakuamini.

Sasa nije kwa sisi wateja, maana lawama hii haiishii kwako. Tumezoea kulipia kipande na kukataa kulipia akili. Fundi akitumia saa nzima akagundua waya umechomoka, tunasema hajafanya kitu, tunamwachia fedha ya soda. Akiuza bodi mpya, tunalipa bila kubisha. Kwa mtindo huo tunawafundisha mafundi kwamba uchunguzi hauna mlo. Dada yule alitoza ada ya kukagua kabla hajashika bisibisi, akaiandika kwenye risiti pamoja na alichokuta. Mpwa wangu alilipa kwa moyo mweupe, na sasa huwapeleka wenzake wote wa kazi ya video kwa dada huyo.

Kwa hiyo nakuomba, Fundi: toza uchunguzi wako, na uufanye. Fungua kasha mbele ya mwenye mali. Muulize alichogusa mwisho. Andika kwenye karatasi ulichopima na jibu lililotoka, kabla hujataja bei ya kitu chochote kilichomo kabatini mwako. Na ninyi vijana mnaobeba kasha kwenda kwa fundi, msilipie bodi mpya mpaka muonyeshwe kwa macho yenu kwamba ya zamani imejaribiwa nje ya kasha ikagoma.

Wasalaam,
Mjomba wa mteja wako