Panavuja, Kunavuja, Mnavuja: Utangulizi wa Elimu ya Mvujo wa Usukani

Wanasarufi wametufundisha kwamba Kiswahili kina ngeli tatu za mahali: PA kwa mahali panapojulikana hasa, KU kwa mahali pa jumla, MU kwa ndani. Wakatupa na mifano: mezani pana kitabu, nyumbani kuna wageni, chumbani mna giza. Ni mifano mizuri ya watu waliokaa pakavu. Aliyewahi kumiliki boti kuukuu ya faiba atakwambia kuwa ngeli hizi ziliwekwa mahususi kwa ajili ya maji yanayoingia tezini, na kwamba kati ya kunavuja, mnavuja na panavuja kuna wiki tatu, fedha nyingi na ngozi ya magoti yote mawili.

Chombo cha utafiti huu ni boti ya injini mbili, ya miaka ya 1980, inayofungwa kwenye boya Raskazone, Tanga. Ina sukani mbili, wa kushoto tukauita Kulwa na wa kulia Doto. Shafti ya kila usukani hupita kwenye tundu lililotobolewa chini ya boti. Juu ya tundu kuna kikombe cha shaba kinachoizunguka shafti, ndani yake pakingi, yaani kamba ya kuzuia maji, na juu ya pakingi nati kubwa ya kuibana. Nadharia yote ni hiyo. Yaliyobaki ni maji.

Istilahi nayo inatutega. Neno usukani hubeba gurudumu analoshika nahodha na ubao ulio majini pia, ndiyo maana fundi mmoja niliyempigia simu kumwambia usukani unavuja alifika na dumu la oili ya hidroliki. Hapa namaanisha ule wa majini.

Mzee mmoja, fundi wa majahazi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: "Mwanangu, nani aliwaambia mtoboe chombo?" Swali la haki kabisa. Usukani wa jahazi unaning'inia nje, nyuma ya tezi, wala hauna safari ya kuja ndani. Si kwamba majahazi hayavuji. Yanavuja, na ndiyo maana lugha yetu ina ngama, ina kufua maji, ina kalafati. Lakini jahazi huvuja kwenye maungio ya mbao, kwa bahati mbaya. Sisi tumetoboa tundu kwa makusudi, tena mawili, halafu tunashangaa.

Utafiti wa mvujo huanzia ngeli ya KU. Unafunua kifuniko asubuhi, unayaona maji ngamani, unasema: kunavuja. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na haina msaada wowote. Maji ya botini ni kama umbea wa mtaani, unayakuta yalipotua, si yalipoanzia. Huenda yametoka kwenye shafti za propela, kwenye mpira wa ekzosi, kwenye mvua ya juzi, au yametiririka kutoka omo kwa sababu tu tezini ndiko chini zaidi.

Kipimo cha kwanza ni ulimi. Chovya kidole, onja. Maji ya chumvi yametoka baharini. Maji baridi yametoka mbinguni au kwenye tangi la kunywa. Yakiwa na ladha ya dizeli, acha habari za usukani, una msiba mwingine. Ila kausha ngama kwanza na usubiri maji mapya, kwa maana ngama ya boti ya miaka arobaini imetunza historia yote ya boti hiyo, na si yote inafaa kuliwa.

Kipimo cha pili ni karatasi ya chooni. Unatandaza vipande vikavu chini ya kila kitu kinachopenya kwenye mwili wa boti, unaenda kulala. Asubuhi karatasi ya Kulwa ilikuwa uji. Ya Doto ilikuwa imekunjamana kidogo pembeni, jambo nililoliweka kando kwa sababu za kitaaluma.

Kabla ya kwenda mbele, mtafiti hupitia maandiko yaliyotangulia, yaani mabaharia wanne wanaoshinda chini ya mkungu pale ufukweni. Madhehebu yao ni haya. Wapo wa Silikoni, ambao hupaka kwa nje, picha ikapendeza, maji yakaendelea. Wapo wa Grisi, ambao wana hoja kama kikombe kina chuchu ya grisi, chetu hakina. Wapo wa Pampu, nao nitawarudia. Wakubwa wao ni wa Spana, wenye itikadi ya neno moja: kaza. Niliwahi kuwa muumini. Unakaza nati robo mzunguko, tone linakata, unajiona fundi. Siku ya tatu tone limerudi. Unakaza tena. Ikifika mara ya tano pakingi imekuwa ngumu kama kamba ya katani iliyosahauliwa juani, gurudumu linazungushwa kwa mikono miwili na dua, na maji yanaingia vilevile.

Pembeni yao alikaa mmoja wa dhehebu dogo linalosema lazima padondoke kidogo, kwamba kikombe kisichodondoka kinaungua. Huyu amechanganya masomo. Anachokisema ni kweli kwa pakingi za kawaida kwenye shafti ya propela, inayozunguka mfululizo: hapo matone machache kwa dakika, shafti ikiwa kazini, ndiyo yanayoipoza. Shafti ya usukani haizunguki. Inageuka nyuzi kama 35 huku na 35 kule, polepole kama mzee anayetafuta aliyemwita. Haina joto la kupozwa, na haidai hata tone moja.

Sasa watu wa Pampu. Hoja yao ni kwamba maji yaingie, sisi tutayatoa. Wahenga nao walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini pakacha lile lilikuwa linapunguza mzigo, na boti inapovuja mzigo unaongezeka. Tufanye hesabu. Tone moja kwa sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone kama 20 hufanya mililita moja. Hiyo ni lita 4 na ushei, ndoo ndogo, na pampu itaitoa kabla hujamaliza kikombe cha chai. Ubaya ni kwamba pampu ya kujiwasha yenyewe inatunza siri. Inaficha mvujo ukikua, inakunywa betri usiku baada ya usiku, na siku betri ikiishiwa, boti iliyotulia kwenye boya, bila dhoruba na bila mtu, inakaa chini kwa adabu.

Kuingia ngeli ya MU ni kuingia kwa tumbo. Chumba cha tezini kilibuniwa kwa ajili ya kamba na madumu, si kwa mtu mzima aliyekula wali wa nazi. Nililala kifudifudi, tochi mdomoni, bega limebanwa na chuma kinachowaunganisha Kulwa na Doto ili wageuke pamoja. Mbele ya pua yangu palikuwa na kikombe cha shaba kilichoota kutu ya kijani, na kuzunguka nati yake chumvi iliyoganda kama ukoko wa sufuria.

"Mnavuja!" nikapiga kelele.

"Tulijua, mjomba," akajibu kijana wetu kutoka juu.

Alijua MU, PA hakuijua. Maji yana njia tatu za kupita hapo: kati ya shafti na pakingi, chini ya kitako cha kikombe, kama gundi iliyokibandika kwenye faiba imechoka, au kando ya bolti zinazokishika. Nikafuta kila kitu kikakauka, nikamwambia azungushe gurudumu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Tone likajikusanya kwenye mdomo wa nati, upande wa mbele tu. Likanenepa, likasita, likadondoka. Na shafti, badala ya kugeuka tu, ikasogea kando, kidogo, kama jino la maziwa la mtoto wa darasa la kwanza.

Panavuja. Wala pakingi haina kosa. Bushi inayoishika shafti imelika, shafti inacheza, na kila ikicheza inaisukuma pakingi pembeni na kuacha upenyo. Ukitia pakingi mpya juu ya bushi iliyolika, umempa mgonjwa shuka jipya.

Tukangoja bamvua ya mwezi mpevu, maji yanaposhuka Tanga kwa zaidi ya mita 3, tukaipweleza boti juu ya magogo mchangani. Kumshusha Kulwa kulihitaji koleo zaidi kuliko spana: shafti ni ndefu na boti iko karibu na mchanga, kwa hiyo chini ya usukani huchimbwa shimo ili shafti ipate pa kwenda. Shimo linajaa maji. Unachimba, linajaa. Tulipomtoa, bahari ilikuwa imeshaanza kurudi, na bushi mpya bado ni wazo kichwani mwa mkerezaji aliyeko mjini.

Hapo yule mzee wa majahazi, aliyekuwa akitutazama bila neno, akachonga kigingi cha mti mwepesi, akakivisha pamba iliyoloweshwa shahamu, akakipiga nyundo mara tatu kwenye tundu. Boti ikaelea usiku kucha juu ya kigingi. Karatasi ya asubuhi ilikuwa kavu kama kaukau. Naandika kwa uchungu kwamba hiki ndicho kizuizi bora kuliko vyote nilivyochunguza, na kasoro yake pekee ni kwamba hakigeuki.

Mkerezaji alipendekeza bushi ya nailoni, rahisi na laini. Tukakataa, kwa kuwa nailoni hunywa maji ikavimba, na baada ya muda ingemkaba Kulwa. Ikawa ya shaba nyeusi. Shafti ya steinlesi ilikuwa na vidonda vidogo pale pakingi ilipoikalia, kwani chuma hicho hujilinda kwa hewa na huliwa kinapofunikwa na maji yaliyotuama. Tukaisugua shafti kwa msasa laini. Pakingi ni kamba ya mraba ya milimita 6, pete tatu, kila moja imekatwa mshazari, maungio yakipishana ili maji yasipate mlango mmoja ulionyooka. Mzee alipoinusa akacheka. Ilikuwa na shahamu, ile ile anayochanganya na chokaa kupata deheni ya kupaka matumbo ya majahazi.

Siku tatu baadaye nilikaa juu na daftari, kijana akaingiza kichwa chumba cha tezini.

"Kwa Kulwa vipi?"

"Pakavu, mjomba."

Nikaandika.

"Na kwa Doto?"

Akakawia.

"Kule kuna majimaji."