Mheshimiwa Msajili, Naomba Unipime Maslahi

Kwa Mheshimiwa Msajili wa Mahakama Kuu ya Kenya,

Ningeweza kukuandikia kwa siri, lakini jambo lenyewe tayari lina siri ya kutosha, nikaona nisiongeze.

Mimi ni nyanya wa wajukuu wanne, mkazi wa Likoni, ng'ambo ya feri. Muhula uliopita dereva wa tuktuk aliyekuwa akiwapeleka watoto wa mtaa wetu shuleni alihamia Malindi, akatuachia mrithi. Kijana mtanashati. Hakosi shikamoo, hakosi miwani ya jua, na mgongoni pa tuktuk yake pameandikwa "Riziki Haina Hasira". Watoto walimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu huwagawia peremende. Mimi nilianza kukosa usingizi siku hiyohiyo, kwa peremende hizohizo.

Nikafanya upelelezi. Namba ya tuktuk niliiingiza kwenye simu, nikalipa shilingi 550, na chai yangu haijapoa nikawa namjua mwenye chombo, rangi ya chombo na namba ya injini. Hakuna aliyeniuliza injini ya watu naitakia nini. Nikasema basi, ikiwa chombo kinajulikana upesi hivi, mwendeshaji atashindikana vipi?

Hapo mpwa wangu anayesomea sheria akanitajia cheo chako. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 39, huko chini ambako msomaji huwa ameshachoka, inakuamuru uweke daftari la waliotiwa hatiani kwa makosa hayo, na inasema mtu yeyote anaweza kulikagua. Nilipiga kigelegele. Mpwa akanituliza: sentensi haijaisha, shangazi. Mtu yeyote, mradi aonyeshe kwamba ana maslahi ya maana.

Kwa hiyo usiihesabu hii kuwa barua ya malalamiko. Ni barua ya maonyesho. Naleta maslahi yangu mbele yako kama wafugaji wanavyoleta ng'ombe uwanja wa maonyesho wa Mkomani, wakiwa wameoshwa na kuvishwa utepe, uwazunguke, uwapapase mbavu, uamue kama wamenenepa vya kutosha.

Maslahi ya kwanza ana miaka sita na pengo la meno mawili ya mbele. Hupanda tuktuk kabla jua halijachomoza na hukaa mbele, ubavuni mwa dereva, kwa sababu ndiye mdogo kuliko wote. Wa pili ni dada yake, mwenye miaka kumi, ambaye siku hizi akiulizwa jambo hujibu "hakuna kitu" hata kabla swali halijaisha. Wawili waliobaki wako Kilifi kwa mama yao na huja likizo tu, sijui kama utawahesabu kizima kizima au nusunusu.

Maana hilo ndilo linalonisumbua. Sentensi ile haisemi maslahi hupimwa kwa kilo au kwa futi. Nyanya wa wanne ana maslahi kuliko nyanya wa mmoja? Jirani asiye na mtoto, ila ana macho na dirisha, anayo? Mwalimu mkuu anayeajiri mpishi? Mwanamke anayetaka kuolewa na mjane mwenye upole wa kutia shaka? Na yule ambaye mtoto wake ameshaumizwa, huyo naamini maslahi yake yamekomaa, lakini daftari litamfaa nini sasa?

Nilijaribu kuuliza. Nilikwenda ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa walinipa kiti. Karani aliniuliza kama nina kesi. Nikasema sina, nataka nisiwe nayo. Akafikiri sana, kisha akaniambia nirudi nikiwa nayo.

Mheshimiwa, usidhani nashangaa. Sheria hii niliifuatilia tangu ikiwa mswada wa mbunge Njoki Ndung'u. Nakumbuka mbunge mmoja mwanamume alivyosimama akaeleza Bunge kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana huenda anamaanisha ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje. Sheria ilipopita ilikuwa imebandikwa kifungu cha 38: mlalamishi akionekana amesema uongo, apewe adhabu ileile ambayo angepewa aliyemshtaki. Ilichukua hadi 2012 kukiondoa. Hapa kwetu mwenye kusema ndiye hutazamwa kwanza usoni, kwa hiyo mwenye kuuliza akiambiwa ajieleze si ajabu, ni ukoo mmoja.

Ninachoshindwa ni kuipatanisha nyumba yenu. Katiba ya 2010, ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ikasema haki hiyo haiathiriwi na sababu anayotoa mwombaji, wala na dhana ya afisa kuhusu sababu hiyo. Ikaweka na muda: siku 21, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Najua sheria hiyo ina milango yake ya kufunga kwa ajili ya faragha. Lakini kwa sisi tusio mawakili, ni kama nyumba ambayo baba anasema ulizeni tu wanangu, na mama anauliza kutoka jikoni, ulize kwa nini? Nataka kujua mimi nikilie chumba kipi.

Mpwa alinitia moyo kwa jambo jingine. Sheria ileile ya Makosa ya Ngono inamfanya mkosaji mtu aliyewahi kutiwa hatiani akiomba kazi ya kuwasimamia watoto na kuificha hukumu yake. Nikafurahi, kumbe mlishanifanyia kazi. Kesho yake nikasimama barabarani saa kumi na mbili na robo asubuhi, nimejifunga leso, namngoja dereva atimize wajibu wake wa kisheria. Akaegesha.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Una jambo lolote la kuniambia?"

Akavua miwani, akafikiri kwa uaminifu mkubwa. "Petroli imepanda, nyanya."

Sasa hiyo, Mheshimiwa, ndiyo habari yote niliyoipata kwa njia iliyowekwa na sheria. Huenda hakuna nyingine ya kutolewa. Kijana wa watu huenda ni msafi kama maji ya mvua. Siandiki kumtuhumu. Naandika kwa sababu mfumo unaomtegemea fisi ajitaje mwenyewe kwa mbuzi unamdhulumu hata yule asiye fisi: kila nikimwona anacheka na mtoto, mimi nahesabu peremende.

Utaniambia kuna cheti cha tabia njema. Anacho. Kakilipia shilingi 1,050, akapakwa wino vidole vyote kumi, akakitia nailoni, kinaning'inia kando ya usukani pamoja na tasbihi. Nimekisoma. Kinahusu alama za vidole na kumbukumbu za polisi, na kwa hilo nakishukuru. Lakini sheria haikusema daftari lako likae kwenye karatasi inayobebwa na anayechunguzwa. Ilisema nilikague mimi.

Na wakati wake ndio huu. Sheria ya 2006 iliweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kisichopungua miaka 20 kwa wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua 15 kwa wa 16 na 17. Anayefungwa maisha hatuendeshei tuktuk. Ila yule aliyepewa miaka 15 mwaka 2007 au 2008 amekwisha kumaliza, amenyoa ndevu, anatafuta kazi. Kwa miaka mingi, wengi wa waliostahili kuandikwa katika daftari lako kwa kosa hilo walikuwa nyuma ya kuta. Sasa linazidi kuwa daftari la majirani.

Usiniogope, siombi mambo ya Marekani. Huko, mwaka 1994, msichana wa miaka saba aitwaye Megan Kanka aliuawa New Jersey na jirani wa mkabala ambaye alikuwa ameshahukumiwa kabla, na wazazi wake hawakuwa na habari. Kufikia 1996 sheria yenye jina lake ilikuwa ya nchi nzima. Leo mkazi wa kule huandika anwani yake kwenye tovuti ya serikali, akaonyeshwa waliosajiliwa karibu naye, picha na mtaa. Asubuhi na mapema, bila kuulizwa maslahi. Lakini mwaka 2006, uleule wa sheria yetu, kijana mmoja kutoka Canada alichukua anwani hizo, akaingia jimbo la Maine na kuua wanaume wawili. Mmoja wao kosa lake lilikuwa kulala na mpenzi wake ambaye alikuwa bado kidogo atimize miaka 16, yeye akiwa na 19.

Nawajua watu wangu wa Likoni. Sisi hatungehitaji kijana kutoka Canada. Tairi tunazo. Na watu wenye jina moja, tuseme Salim Ali, tunao wangapi? Mtaani kwetu pekee nawajua watano, na mmoja wao ni shemeji yangu. Kwa hiyo ukilitundika daftari ukutani kama orodha ya wapigakura, utakuwa umenitendea maovu zaidi ya kulificha.

Waingereza walichukua njia ya katikati. Baada ya mtoto wa miaka minane, Sarah Payne, kuuawa mwaka 2000, waliugomea mtindo wa Marekani, wakajaribu mwingine mwaka 2008 na kuueneza Uingereza na Wales yote kufikia 2011: mzazi huenda polisi, anamtaja mtu mmoja aliye karibu na mtoto mmoja, polisi wanachunguza, na likiwepo la kuambiwa huambiwa yule anayeweza kumlinda mtoto, naye hutakiwa kufunga mdomo. Hilo ningeliweza. Mdomo wangu nimeufunga kwa mambo makubwa zaidi.

Na hapa, Mheshimiwa, ndipo onyesho langu linapochafuka, na mpwa alinishauri niliondoe.

Sheria yenu inasema maslahi. Sisi tuna neno la karibu nalo sana, maslaha. Wazee wa pande mbili huketi, kahawa huzunguka, anayetuhumiwa hutoa pesa au mbuzi, mtoto huambiwa yamekwisha. Kifungu cha 40 kiliupiga marufuku mchezo huo kwa kusema kesi hizi hazingeweza kufutwa ila kwa uamuzi wa Mwanasheria Mkuu. Kiliandikwa vizuri. Wazee wetu hawakukisoma.

Miaka mingi iliyopita mtaani kwetu kulikuwa na maslaha ya namna hiyo. Msichana alikuwa na miaka tisa. Mbuzi walikuwa wawili, mchele gunia moja, na mimi nilikuwa mmoja wa wanawake waliopika. Pilau ilitoka vizuri. Nasikitika kwamba naikumbuka ladha yake. Familia ya msichana ilihama kabla ya Ramadhani iliyofuata. Hukumu haikuwako, kwa hiyo jina la yule bwana halimo katika daftari lako, hata ukinifungulia kurasa zote na kunipa miwani yako nisomee. Limo katika letu, ambalo halina karatasi, na ambalo watunzaji wake tunazidi kufa mmoja mmoja.

Nakuomba unisaidie kupima: mtu aliyekoroga sufuria ile ana maslahi ya maana, au yamezidi kiasi?

Yule bwana bado yupo. Amezeeka, anaheshimiwa, ana duka karibu na shule. Huuza kalamu, vifutio na madaftari. Mimi ya mjukuu wangu humnunulia mjini. Tunavuka feri kwenda, tunavuka feri kurudi, kwa vitu ambavyo viko hatua mia moja kutoka mlangoni petu. Juzi, tukiwa katikati ya maji, mjukuu aliniuliza kwa nini hatununui pale karibu.

Nikamwuliza yeye anataka kujua ya nini.

Wako mtiifu,
Nyanya wa wanne, Likoni