Maombi ya Viwanja Ndani ya Ramani Yenu

Kwa Waheshimiwa wa Idara ya Ramani za Mtandao,
Kampuni ya simu (mnajijua).

YAH: MAOMBI YA KUHAMIA KWENYE RAMANI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ramani yenu mpya tumeiona, na hongereni. Kutoka Soni hadi Mtae ni 4G tupu, hakuna doa. Hata bonde letu hili la Usambara limo, tena limekolea kijani kuliko kabichi tunazolima. Tumeitazama kwa zamu, tukakubaliana kwamba huko ndiko kwa kuishi.

Hivyo tunaomba viwanja humo. Kila kaya kimoja, si lazima kikubwa. Mkunga apewe katikati. Wenye wanafunzi wapewe penye kijani cha kukolea. Wakala wa fedha apewe kona nzuri, maana huku anateseka: kibanda chake ni bati juu na bati ubavuni, na mawimbi yakigonga bati hurudi yalikotoka. Simu ya kazi ameitundika nje ya dirisha, ndani ya kikombe cha plastiki kilichopigiliwa msumari. Ukienda kutoa hela, anatoka nje, anachungulia kikombe, kisha anakutangazia muamala wako kwa sauti kutokea huko huko. Foleni nzima inajua umetumiwa shilingi ngapi na nani.

Kwenye ramani yenu hatujaona bati, ukuta wala chumba. Tunadhani watu wa huko wanaishi nje. Haidhuru, tutazoea, baridi ya Julai tutavaa makoti. Tuna maswali machache tu. Mbuzi wanaruhusiwa? Tukigombania mpaka, twende baraza la kata au kwa mhandisi? Mtoto atakayezaliwa humo cheti chake kiandikwe kijiji gani? Na makaburi ya wazee, tuyahamishe au tuyaache huku kusikoshika?

Kijana wetu mmoja aliyesomea mawasiliano ametueleza ramani hizi zinavyopikwa. Mtafiti Okumura na wenzake walizunguka Tokyo na vitongoji vyake na gari la kupima mawimbi, wakachapisha michoro yao mwaka 1968. Mwaka 1980 Bwana Hata akaigeuza kuwa kanuni, na kanuni hiyo pamoja na wajukuu zake bado inakula mshahara hadi leo. Mabwana hao hatuna ugomvi nao. Kanuni yao inaujua mji, inapajua pembezoni mwa mji, inaujua na uwanda ulio wazi. Bonde lililobanwa na majabali halikuwamo katika mtihani. Inataka mnara uwe na kimo cha mita 30 hadi 200, na simu iwe mita 1 hadi 10 kutoka ardhini. Sharti hilo la pili tumelitii hata kabla ya kuambiwa, ndiyo maana mnatukuta juu ya miparachichi. Na jibu linalotoka ni la katikati: nusu ya mahali patapata zaidi ya hapo, nusu pungufu. Hiyo nusu pungufu ndiyo sisi, nayo mmeipaka kijani vilevile.

Vimo vya milima, wapishi wengi wa ramani huvitoa kwenye vipimo vya rada vya chombo cha anga Endeavour, vya Februari 2000, ardhi ikiwa imekatwa miraba. Chukua mraba wa mita 90. Huku kwetu mraba mmoja una kanisa juu, mto chini na nyumba za watu katikati, na kompyuta inawapa wote kimo kimoja. Halafu linakuja gari lenu la kuhakiki. Linapima lami, linageuza. Kuteremka kwetu ni kwa miguu.

Naomba niiweke adabu pembeni kidogo. Mwanamke anashikwa na uchungu usiku, mvua inanyesha, na mume inabidi amwache peke yake akapande jabalini kutafuta gari kwa simu. Akirudi hajui atamkuta vipi. Wakati huohuo kifurushi alichonunua kwenu kinaisha muda bila kuguswa, pesa mmekula, na ramani inawatolea ushahidi kwamba huduma ilikuwapo. Tukilalamika mnatuambia tuzime simu, tuiwashe tena. Mnatuona mazuzu, na hela zetu mnazipokea bila haya.

Samahanini. Turudi kwenye viwanja.

Yapo na mengine madogo. Yule dada wa kwenye simu aache kutangaza kwamba hatupatikani. Tunapatikana, tuko nyumbani, tunapika. Namba za siri za benki ziongezewe umri, zinatufikia zikiwa marehemu. Mlima wa upande wa mnara usogezwe, bajeti ikiruhusu. Na yale maandishi ya chini kabisa ya ramani, yanayosema haya ni makadirio ya nje ya nyumba, yaandikwe kwa herufi zinazolingana na zile za bei.

Fomu tumejaza. Ada ya viwanja tutawalipa kwa simu siku hiyohiyo ya kuhamia. Tukiwa bado huku muamala hautapita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakazi wa bondeni.

Nakala: Afisa Ardhi, aje na kamba ya kupimia.