Shangazi Kitasa Anajibu: Tulikwenda Kuona Nyumba, Tukaonekana Wezi

Wiki hii barua nyingi zimetoka kwa watu waliokwenda kutazama nyumba za kununua hapa Dar es Salaam, wakarudi na kesi. Shangazi ameuza, amenunua, na amewahi kukimbizwa na mbwa wa muuzaji. Anajibu bila kupepesa.

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mke wangu tulikwenda kuona nyumba Kimara. Tulipofika uani, mama mwenye nyumba akasema simu yake haionekani. Geti likafungwa. Mwanawe akataka tuvue viatu na mke wangu amwage mkoba. Dalali aliyetupeleka akasema anakwenda kununua vocha, hajarudi mpaka leo. Mwishowe simu ikalia kwenye kochi, mama mwenyewe kaikalia. Hatukuombwa radhi. Mke wangu anasema mwanaume wa kweli angemzaba mtu kofi. Nilikosea? – Mpole, Ubungo*

Marahaba, Mpole. Mwambie mkeo kofi lile lingekuwa ghali kuliko nyumba. Ndani ya geti la watu huna shahidi. Mpaka hapo wewe ni msingiziwa. Ukipiga tu, unatoka mtuhumiwa halali, na mwenzako yuko njiani kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu.

Ulifanya vyema kutokimbia. Hapa Shangazi anaweka utani pembeni kidogo. Neno "mwizi" likipigiwa kelele mtaani halisubiri ushahidi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu huandika kila mwaka katika ripoti yake habari za watu waliouawa hivyo, na magazeti huwataja wauaji kuwa "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba ni chama kilichosajiliwa. Kwa hiyo geti likifungwa, heri limefungwa. Vuta kiti cha plastiki, kaa, omba maji ya kunywa, halafu sema taratibu: "Aitwe mjumbe." Mjumbe hayupo, aitwe mwenyekiti wa mtaa. Naye kaenda msibani, waite polisi, tena upige wewe. Anayeitiwa polisi na anayewaita hawapokelewi kwa jicho moja.

Kuhusu kupekuliwa, yule kijana hana mamlaka yoyote juu ya mkoba wa mkeo. Hata polisi wakija, sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Na mkiishia kituoni, dhamana ya polisi hailipiwi. Atakayewaambia gari halina mafuta, mpe pole. Lakini kabla ya hayo yote, simu iliyopotea ipigwe! Shangazi hushangaa jinsi watu wa mji huu wanavyoweza kupekua soksi za mgeni kabla hawajapiga namba.

Dalali wako hakukimbia kwa woga. Alikimbia kwa hesabu. Mteja mwingine atampata kesho pale kijiweni, ila nyumba ikimfungia geti amepoteza bidhaa. Siku nyingine mwambie mapema kwamba hela ya kuonyeshwa inalipwa mkishatoka nje, wote. Mkoba uacheni nyumbani, na ndani ya vyumba tembeeni mikono nyuma kama wakaguzi wa shule.

Radhi msiisubiri. Ombeni punguzo. Aliyekusingizia wizi anaingia kwenye mazungumzo ya bei akiwa na deni, na milioni tano si nyingi kwa heshima ya watu wawili.

*Shangazi, mimi ni nesi, sijaolewa, nimedunduliza hela yangu mwenyewe. Baba mmoja wa Tabata alikuwa ananionyesha chumba cha kulala, mkewe akaingia kutoka sokoni. Nyanya zote zikaishia kwenye gauni langu. Nilikwenda kutafuta nyumba kubwa, sasa mtaa mzima unaniita nyumba ndogo. – Gauni Jeupe*

Mwanangu, yule mama alikosea mtu, hakukosea kosa. Chumbani kweli palikuwa na anayeibiwa, naye ndiye aliyeshika kapu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Ungemlipa baba yule, ungenunua kesi yenye vyumba vitatu na ukuta.

Rudi Tabata mchana kweupe, ukiongozana na mama mtu mzima wa mtaa huohuo. Usianze kujitetea. Sema tu: "Dada, nilikuwa naonyeshwa nyumba yako, inauzwa." Utaona mada inavyokuhama na kumrudia mumewe. Gauni apelekewe yeye alifue.

Na kuanzia sasa, kabla hujauliza maji yanatoka siku zipi, uliza mama mwenye nyumba yuko wapi. Ukijibiwa "kasafiri", nawe safiri.

*Shangazi, nilipelekwa kuona nyumba Mbagala. Ukutani kuna maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Dalali akasema hayo ni ya zamani. Tukiwa ndani wakaja ndugu wa muuzaji, wakasema mimi ndiye tajiri ninayekula mirathi ya marehemu baba yao. Tajiri gani anakuja na daladala? – Msomaji*

Msomaji gani wewe, na ukuta umekusomea kwa rangi nyekundu? Maandishi yale huandikwa na mtu aliyechoka kueleza. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, basi. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia kuombea usimamizi huo. Wenyewe hauuzi hata tofali. Kama nyumba ina hati, kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kama ina karatasi za serikali ya mtaa tu, keti na majirani wazee, wanajua nani kamzika nani. Hao ndugu usigombane nao, chukua namba zao. Siku wakipatana wote, utawahitaji wote wasaini.

*Shangazi, kila Jumapili mimi na mchumba wangu tunakwenda kuona nyumba za Mbweni. Hela hatuna, tunafurahisha macho. Juzi mwenye nyumba alituuliza kama tumetumwa na majambazi. Tumeumia sana. – Wapendanao*

Wanangu, mnaingia vyumbani kwa watu, mnagusa nondo za madirisha, mnauliza mlinzi anaanza zamu saa ngapi, halafu hamnunui. Mngekuwa nyinyi mngeuliza nini? Jumapili ijayo nendeni Coco Beach. Mihogo ya pale mnaruhusiwa kuishika, na hela yake mnayo.