Shangazi wa Njiani: Wageni wa Bergen Wanauliza

Wiki hii barua zote zimetoka mji mmoja, Bergen, huko magharibi mwa Norway. Sababu naijua. Chuo kikuu cha pale kimezoea kuwaita madaktari, wauguzi na watafiti wetu, nao hufika na sweta mpya na mazoea ya nyumbani. Nawajibu wote. Atakayeona nimemkaripia ajue ndiyo kazi ya shangazi.

Shikamoo Shangazi. Niko Bergen kwa kozi fupi. Treni yao ya mjini haina geti wala konda, na tangu nifike hakuna aliyeniuliza nauli. Mwenzangu anasisitiza nilipe. Mimi nasema hii nchi ina mafuta, usafiri utakuwa bure. Tuamulie. Wako, Abiria wa Serikali.

Marahaba mwanangu. Mwenzako ana akili, mshike vizuri. Treni hiyo inaitwa Bybanen. Ilianza kazi mwaka 2010, ikafika uwanja wa ndege wa Flesland mwaka 2017, na mwaka 2022 ikaongezewa njia ya pili ya kwenda Fyllingsdalen. Haina geti kwa sababu wenye mji wameamua kukuamini. Kukusamehe nauli ni jambo lingine, na hawajalisema. Hayo mafuta nayo fedha zake zimewekwa akiba kwa ajili ya vizazi vyao, na wewe si kizazi chao.

Tiketi inanunuliwa kabla ya kupanda, kwa programu ya simu ya Skyss au kwa mashine iliyopo kituoni. Tiketi moja ya mjini unaitumia dakika 90: unashuka, unanunua mkate, unadandia basi, na hakuna wa kukuuliza. Wageni wengi huponzwa na uvivu mdogo tu. Wanapanda kwanza, wanaketi, ndipo wanatoa simu. Mtandao unazunguka, na kwa mlango wa pili wakaguzi wameshaingia. Wakaguzi wa Bergen hawafoki wala hawakuiti mwizi mbele ya watu. Wanakuandikia faini kwa sauti ya chini, na faini yenyewe ni kama kroni elfu hivi. Konda wa daladala angekutukana bure. Hawa wanakustahi, kisha unalipia.

Hujaniuliza utashukaje, lakini najua swali linakuja. Hakuna wa kupigia kelele “shusha!” Kila kituo kina kipande chake cha muziki kinachopigwa kabla ya jina kutajwa, na wenyeji huinua kichwa wakisikia chao. Ukifika, bonyeza kitufe cha mlangoni. Mlango ukiutazama tu, nao utakutazama mpaka kituo kinachofuata. Na kama unataka kuiona Troldhaugen, nyumba ya mtunzi wa muziki Edvard Grieg, shuka kituo cha Hop umalizie kwa miguu.

Shangazi, mimi nimetoka Nairobi. Kila nikisimama karibu na zebra nipange mawazo, gari linasimama. Nampungia dereva apite, naye ananipungia nipite. Jana tulipungiana mpaka foleni ikajaa nyuma yake. Nifanye nini? Ni mimi, Mwenye Adabu.

Pita, baba. Pita. Sheria yao inamtaka dereva ampishe mtu aliye kwenye kivuko na yule anayeelekea kukikanyaga. Wewe ukisimama ukingoni na mawazo yako, umemfunga breki mtu anayekwenda kumchukua mtoto shuleni. Adabu uliyofundishwa Thika Road ilikuokoa huko. Hapa inaleta foleni. Kama una mambo ya kuwaza, rudi nyuma hatua kadhaa ukae kwenye benchi.

Ila usivimbe kichwa ukadhani kila chenye magurudumu kitakupisha. Bybanen haikupishi. Ni nzito, haisimami ghafla, na inakuja bila ngurumo. Kwenye reli zake tazama kulia na kushoto, na toa hizo spika masikioni.

Shangazi mpendwa, nanunua miavuli, na kila mmoja upepo unaupindua siku hiyohiyo. Mapipa ya takataka ya mji huu yamejaa miavuli, nadhani mingine ni yangu. Mvua inakatika lini? Aliyelowa.

Pole mwanangu. Bergen imekaa kati ya bahari na milima. Upepo wa Atlantiki unakuja umebeba unyevu, unagonga milima, unalazimika kupanda, na mzigo wote unatuliwa juu ya kofia yako. Mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na maji yake ukiyapima yanapita mita mbili, karibu mara mbili ya mvua ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2006 ilianza mvua iliyonyesha siku 85 mfululizo, hadi Januari 2007. Usiniulize inakatika lini.

Mwavuli unazuia mvua inayotoka juu. Ya Bergen inatoka ubavuni. Acha kutajirisha wauza miavuli, nunua koti la mvua lenye kofia na viatu visivyopitisha maji. Ukiwa huna haraka, kuna njia moja ndefu ambayo mvua haikupati kabisa. Mwaka 2023 walifungua handaki la baiskeli na watembea kwa miguu chini ya mlima Løvstakken, kuelekea Fyllingsdalen. Lina urefu wa karibu kilomita tatu, taa za kutosha, na njia ya baiskeli imetengwa na ya miguu. Kaa njia yako. Waendesha baiskeli wa pale ni wapole kila mahali isipokuwa mtu akisimama katikati kupiga picha.

Shikamoo Shangazi. Kila asubuhi ndani ya basi nasema “habari za asubuhi” kwa lugha yao, tena nimejifunza vizuri. Watu wanatazama dirishani. Jana niliketi karibu na mzee mmoja wakati viti vingine vilikuwa vitupu, akashuka kituo kilichofuata. Wananichukia? Mwana wa Watu.

Marahaba. Hawakuchukii. Basi lao lina desturi zake, na ya kwanza ni kwamba kiti kikiwa kitupu pale mbele, hukai ubavuni mwa mtu. Yule mzee pengine alikuwa anashuka hapo tangu zamani. Pengine. Mezani kwetu kunyamaza ni ugomvi. Ndani ya basi la Bergen, kunyamaza ni kumwachia mwenzio nafasi yake. Ukiulizia njia watakujibu, tena wengine watakufikisha mpaka kituoni.

Lakini kama kiu yako ni salamu, nenda mlimani. Watu walewale waliokukwepa kwenye basi Ijumaa, Jumapili ukipishana nao kwenye njia ya mlima watakusalimu wa kwanza na wakitabasamu. Kwa nini salamu inaanzia penye miti, waulize wao wenyewe wakiwa huko juu.

Shangazi, nimeumia. Mwenyeji wangu alisema baada ya kahawa “tutatembea kidogo.” Nikavaa viatu vya kanisani. Kumbe ni mlima! Ngazi za mawe hazina mwisho, na mama yake mzee akanipita akiwa na begi mgongoni, akaniuliza kama nataka chungwa. Hili ni jaribio la kuniua? Miguu Si Yangu.

Mwanangu, huyo mwenyeji amekuheshimu. Watu wa kule wanaweza kufanya kazi nawe mwaka mzima bila kukwambia “karibu nyumbani”, lakini wakikuita mlimani Jumapili, wameshakuingiza kwenye orodha. Kosa ni kwamba hukuuliza.

Kwa maelezo yako naona walikupeleka Oppstemten, ngazi 1333 za mawe kwenye mlima Ulriken, zilizojengwa na Masherpa walioletwa kutoka Nepal. Fikiria hilo. Wanorwei, watu wa milima, walikwenda kutafuta mafundi Himalaya, kisha wewe ukatokea na viatu vya ngozi. Ulriken una mita 643, na ndio mrefu kuliko yote katika milima saba inayouzunguka mji.

Siku nyingine ukisikia “kidogo”, uliza maswali matatu: tunapanda au tambarare? Saa ngapi kwenda na kurudi? Viatu gani? Majibu yakikutisha, pendekeza Fløyen. Kituo cha Fløibanen kiko hatua chache kutoka soko la samaki. Ni treni inayovutwa kwa kamba ya chuma, imefanya kazi tangu mwaka 1918, na inakufikisha mita 320 juu ya bahari kwa dakika chache. Panda nayo, ushuke kwa miguu. Njia ni pana, na magoti yako yatakumbuka wewe ni nani. Hata Ulriken una gari lake la kamba kwa anayekiri udhaifu. Kabla ya kulipa, inua macho. Kilele kikiwa kimefunikwa na wingu, utakuwa umelipa kutazama weupe.

Begi libebe maji, nguo kavu na hilo chungwa. Wao huongeza chokoleti ya Kvikk Lunsj. Na yule mama ukikutana naye tena, mpishe mapema.

MAJIBU YA MKATO

*Kwa Anayetaka Kupunguziwa:* Teksi ina mita, mita haina masikio. Bei za kampuni hutofautiana, uliza kabla hujaketi. Kutoka Flesland, Bybanen inakufikisha katikati ya mji kwa takriban dakika 45 na nauli ya kawaida ya mjini. Hiyo teksi ingekula posho yako ya siku.

*Kwa Msafiri wa Desemba:* Saa yako haijaharibika. Mwezi huo jua huchomoza kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, na kufikia saa kumi alasiri limeshazama. Sala za adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kwa karibu, weka kengele kwenye simu. Kwenye koti ning’iniza kiakisi cha mwanga kama wafanyavyo wenyeji. Kwenye lami iliyolowa, dereva wa kukupisha lazima kwanza akuone.

*Kwa Mpenda Nyumba za Kale:* Bryggen, mtaa wa kale wa Bergen, uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1979, miaka 21 kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nyumba ni za mbao, vichochoro ni vya mbao, na mbao ikilowa inateleza. Vaa soli zenye meno.

*Kwa Mwenye Haraka ya Oslo:* Ndege inakwenda kwa chini ya saa moja. Treni inachukua takriban saa saba, kwa njia iliyofunguliwa mwaka 1909, na inapita Finse, kituo kilicho mita 1222 juu ya bahari, ambacho hakifikiwi kwa barabara ya magari. Panda treni. Nunua tiketi mapema, huwa nafuu, na uombe kiti cha dirishani.

Kwa wote mlioandika: Bergen hakuna atakayekuita, atakayekusukuma wala atakayekuonya mara mbili. Kila kitu kimewekwa mahali pake wakidhani utatumia akili. Basi itumie: nunua tiketi, bonyeza kitufe, vuka barabara, uliza habari za mlima kabla ya kuvaa viatu. Barua za wiki ijayo ziwe fupi, na aliyepigwa faini asiniombe mchango.