Jinsi ya Kumleta Mwenza wa Kigeni Madaba

Umempata Lilongwe, Maputo au Munich. Pongezi utazikuta harusini. Kwa sasa jua kwamba ukishuka Madaba na mwenza asiye Mtanzania, mnasubiriwa na usaili wa aina mbili. Wa kwanza ni wa shangazi, anayetaka kujua kama mgeni anakula ugali na kama anasalimia wakubwa. Huo mtaufaulu ndani ya wiki. Wa pili ni wa Uhamiaji, na huko hawapikii mtu.

Anza kabla ya kukodi ukumbi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Mwenzako aje na karatasi ya kwao inayothibitisha kwamba hana ndoa nyingine, na kama imeandikwa Kireno, itafutiwe mfasiri mapema. Mkishaoana, hakikisheni ndoa imesajiliwa na cheti mnacho. Albamu ya harusi, hata mkuu wa wilaya akiwa katikati ya picha, haisimami mahali pa cheti.

Lakini cheti nacho hakimpi mtu ukaazi. Viza ya matembezi ikiisha, imeisha, hata kama mama mkwe ameshamzoea. Omba kibali cha mtegemezi. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa iko Songea. Mjomba aliyewasimamia kwenye mahari mwacheni apumzike: ufasaha wake ulipunguza ng'ombe, hautapunguza ada ya serikali. Na kishoka anayedai ana mtu wake ndani, mpite kimyakimya. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, tunza risiti.

Kibali hicho si ruhusa ya kuajiriwa. Kama mkeo ni mwalimu wa hisabati, asishike chaki kwa mshahara kabla ya kupata kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kwa mujibu wa sheria ya ajira za wageni ya 2015. Shamba nalo lina mambo yake. Ardhi ya kijiji hugawiwa raia, kwa hiyo mgeni atalima mahindi na wewe, atapalilia na kuvuna, lakini jina kwenye hati litakuwa lako. Liandikeni sawasawa mapema, watoto wasije wakagombana na baba zao wadogo.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kinampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Kaka, usimwambie mkeo asubiri mavuno mawili matatu. Haki hiyo inategemea uhai wako. Akumbuke pia kwamba mtu mzima haruhusiwi uraia pacha, hivyo wa kwao atauacha.

Dada, wewe uliyeolewa na mgeni, kifungu hicho hakimhusu mumeo. Yeye ataomba kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo, awe amekaa jumla ya miaka 7. Ndoa ni ileile, watoto ni wale wale, na nyumba huenda umeijenga wewe kwa fedha za mahindi. Sioni sababu ya haki katika tofauti hiyo, na nimeitafuta.

Kwa hiyo hesabu miaka yake tangu siku ya kwanza. Kila kibali kinakili, kila mhuri wa kuingia na kutoka upige picha, usiache pengo hata la wiki kati ya kibali na kibali. Na mbunge akija kuomba kura, simama umuulize ni lini atapeleka hoja ya kurekebisha kifungu cha 11. Uliza wewe, kwa sababu mumeo hana kura ya kumtishia.